Picha ya Houda Kwenye Ukuta wa Garaji

Buyenzi, Bujumbura, 12 Oktoba 1997

Mpwa wangu Houda,

Asalaam alaykum. Sisi huku tu wazima, tunakula tukipata na tunalala wakituacha tulale. Mama Assia wangu anakusalimia na anauliza kama huko Liège muhogo unapatikana. Nilimwambia sidhani, akasikitika kana kwamba umelazwa hospitalini. Mvua zimeanza. Vikwazo vya nchi jirani bado vipo, pyesi za magari haziingii, kwa hiyo siku hizi tunazika gari moja ili mawili yafufuke.

Léoncie, mke wa rafiki yangu Sylvère, bado yuko nasi katika kile chumba cha nyuma, tangu mtaa wa Kamenge ulipofagiliwa na askari mwaka juzi. Sylvère hajarudi. Garaji yetu ya kule iko salama. Léoncie hupita kuitazama kila akienda kwa dada yake kule Mutakura. Mimi hapa Buyenzi nimejibanza chini ya bati la jirani, nangoja tu Sylvère arudi tufungue kule.

Sasa tuje kwenye kesi yako. Ulipofiwa na mama yako nilikulea mimi kama binti yangu, na kila fundi wa mtaa huu anajua kwamba nilikupeleka Ulaya ukasomee dawa. Nasikia umeacha dawa, unasoma filozofia, na kwamba filozofia ni kuuliza watu wanajuaje wanachokijua. Houda, hapa ukimuuliza mtu anajuaje anachokijua, anahama nyumba. Lakini sikugombezi. Niandikie jambo moja tu walilokufundisha, nione kama linawaka au limekufa betri.

Mjomba wako,
Huseni

Liège, 9 Novemba 1997

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua yako imekaa wiki tatu mkobani mwa mtu aliyepitia Nairobi, lakini imefika. Mimi mzima, baridi ndiyo inanitafuta ugomvi. Mwambie Mama Assia muhogo upo, kwa Wakongo, umegandishwa hadi ukiuangusha unalia kama tofali.

Kwanza nikupongeze kwa mwandiko. Nakumbuka ulivyokuwa ukiandika orodha ya pyesi kisha wewe mwenyewe ukashindwa kuisoma, ukamtuma Sylvère akakisie. Sasa herufi zako zimesimama wima kama watoto wa shule mbele ya bendera. Umepata dawa gani?

Jambo uliloomba ni hili. Kulikuwa na Mfaransa, Descartes, aliyejifungia chumbani kando ya jiko la moto. Akajiuliza: katika yote ninayoyaamini, ni lipi haliwezi kuwa uongo? Macho yamewahi kumdanganya, akayaweka kando. Ndoto nazo hufanana na kweli, basi hata kukaa kwake pale jikoni huenda ni ndoto. Akatupa kila kitu mpaka akabaki na kimoja: ninashuku, nikishuku ninawaza, na nikiwaza basi nipo.

Kisha akachukua donge la nta kutoka mzingani. Lilikuwa gumu, lina harufu ya maua, ukiligonga linatoa sauti. Akalisogeza motoni. Harufu ikaenda, umbo likaenda, rangi ikaenda, sauti ikaenda. Hata hivyo kila mtu anasema ni nta ileile. Basi, akasema, si macho wala pua iliyotujulisha nta, ni akili.

Nimetia ndani picha yangu, nimevaa koti, nimesimama kwenye theluji. Usicheke.

Houda

Buyenzi, 4 Januari 1998

Mpwa wangu,

Ramadhani karimu. Tumefunga tangu Jumatano, na Mama Assia amefunga na kusema pia, kwa sababu nilisahau kununua tende. Léoncie, ambaye ni Mkristo, anatupikia uji wa futari mzuri kuliko wa Waislamu wote wa mtaa huu. Mji umetulia leo. Wiki iliyopita haukutulia, lakini hiyo si habari tena.

Mwandiko wangu umepona wenyewe, usiufanyie uchunguzi.

Huyo Mfaransa wako nawajua wenzake. Ni fundi anayefungua injini nzima kutafuta boliti moja, akifika chini kabisa anafuta mikono na kusema: jambo la hakika ni kwamba fundi nipo. Na mwenye gari je? Lakini hayo ya nta yamenikaa. Nimeyawaza siku mbili nikiwa chini ya Toyota ya Gaspard.

Picha imefika. Nilipoishika tu mkononi nilifurahi sana. Nimeitundika mwenyewe garajini, juu ya jiliwa la kubania vyuma, na kila anayeingia namwonyesha. Hamimu wa matairi alisimama mbele yake muda mrefu, kisha akasema: «Mashallah, muzee. Amefanana na marehemu mama yake kabisa.» Gaspard naye akasema: «Huyu anaonekana mutu wa kusoma sana.» Wewe ulidhani watu wa Buyenzi hawatakutambua ukivaa koti.

Lete mwingine, lakini asiwe wa jikoni.

Huseni

Liège, 15 Februari 1998

Mjomba wangu,

Idi imepita bila mimi, nawatakia heri kwa kuchelewa. Nilikula wali na Mrundi mwenzangu, Térence, anayesomea udaktari. Aliuunguza, tukaula tukisifu.

Nashukuru kwa heshima uliyonipa ukutani. Niambie tu, mjomba, kwa sababu nimesahau: siku ile nilivaa koti la rangi gani?

Wa leo ni wawili, wote kutoka ng'ambo ya bahari ya Wafaransa. Locke, Mwingereza, alisema mtoto huzaliwa akili yake ikiwa karatasi nyeupe. Kila kilichoandikwa humo kimeingia kwa macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Mlango wa sita hakuna, ila akili yenyewe kujitazama inavyofanya kazi. Baada yake akaja Mskoti, Hume, akaongeza uchokozi. Alisema tunaona moto, tunaona moshi, mara elfu, basi tunasema moto unaleta moshi. Lakini hilo neno «unaleta» hakuna aliyewahi kuliona. Ni mazoea tu. Hata jua kuchomoza kesho hatuna uthibitisho, tuna mazoea.

Sasa fumbo ambalo rafiki wa Locke alimwandikia katika barua, kama sisi. Mtu amezaliwa kipofu. Amefundishwa kwa vidole kutofautisha mpira wa chuma na mche wa chuma wenye pembe. Siku moja anafumbuliwa macho, vitu hivyo viwili vimewekwa mezani, asiviguse. Je, atajua kwa kutazama upi ni mpira? Ningependa kusikia jibu lako kabla sijakuambia lao.

Houda

Buyenzi, 2 Aprili 1998

Mpwa wangu,

Tunaikaribia Idi ya kuchinja, na mbuzi wa jirani ameshaanza kututazama vibaya. Mama Assia anaumwa goti. Mutakura zililia risasi juzi, Léoncie akabaki kwa dada yake siku mbili, ndiyo maana jibu limechelewa.

Koti lako lilikuwa la kahawia, na limekukaa vizuri. Unasahau nguo zako mwenyewe, ndiyo faida ya filozofia?

Fumbo lenu ni rahisi. Hatajua. Ataona mabaka mawili ya mwanga na ataomba ruhusa ya kuyashika. Vidole vina elimu yao na macho yana yao, na hazikusoma shule moja. Mtu anayeishi kwa vidole anaijua boliti ya kumi na nne kwa ukucha. Bomba linalovuja analijua kwa pua kabla tone halijaanguka. Anamjua anayeingia kwa anavyoburuta ndala, na kama amegombana na mkewe analijua pia. Kikombe chake lazima kiwe upande wa kulia, kikisogezwa kidogo tu anapotea katika nyumba yake mwenyewe na anaona aibu kuuliza. Mtu huyo ukimfumbua macho ghafla, atayafumba tena ili apate kuona. Hayo nimeyasikia kwa watu.

Huyo Mskoti ningemwajiri leo. Gari likikohoa mara tatu nasema kabureta, mwenye gari akiuliza najuaje, sina jibu ila kwamba siku zote imekuwa hivyo. Na kuna jambo amenipa. Kama jua la kesho halina uthibitisho, basi na mtu ambaye hajarudi siku elfu moja, hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba hatarudi kesho. Watu wanasema hatarudi kwa mazoea tu. Hapo nimempenda sana Mskoti.

Huseni

Liège, 20 Aprili 1998

Mjomba wangu,

Shikamoo, na goti la Mama Assia lipone haraka. Nimeandika barua hii mara nne nikaichana. Sasa naandika bila kuzunguka, unisamehe mapema.

Jibu lako ndilo walilotoa Locke na rafiki yake, ila wao walikisia. Wewe hukukisia.

Mwezi wa pili nilifungua kitabu changu kutafuta kadi ya kualamishia ukurasa, nikakuta picha yangu kwenye theluji. Haikwenda popote. Kilichokuja kwako ni kadi yenyewe, nayo ina sura ya Kant, Mjerumani aliyefariki karibu miaka mia mbili iliyopita, mwanamume mwenye paji pana na nywele za bandia zilizosokotwa masikioni. Huyo ndiye uliyemtundika juu ya jiliwa, na ndiye Hamimu aliyemwona amefanana na marehemu mama yangu. Nimecheka peke yangu hadi mwenye nyumba akagonga ukuta. Halafu nikakaa kitandani nikalia, kwa sababu nimeelewa.

Mjomba, tangu lini huoni?

Garaji nzima inajua, na hakuna aliyethubutu kukuambia kwa sababu ya heshima. Wewe nawe ulidhani hawajui. Muda wote huo mmekuwa mkifichana jambo ambalo lilikuwa katikati yenu kama gari lililokatika ekseli.

Nimemweleza Térence. Anasema ukiona ukungu mweupe unaozidi polepole, huenda ni mtoto wa jicho, na mtoto wa jicho anaondolewa. Hospitali kubwa ya Kamenge wanaweza kukuangalia. Ni mwendo mfupi tu kutoka hapo ulipo.

Huyo wa ukutani alisema akili haikai kungoja vitu viingie kama mizigo ghalani. Akili ndiyo inayovipanga, inavipa mahali na wakati, na sisi tunavijua vitu kwa jinsi tunavyoweza kuvipokea, si kama vilivyo vyenyewe. Nakubali kwamba unaweza kupanga dunia nzima gizani. Ila naomba uende.

Dada Léoncie, wewe unayesoma haya kwa sauti, naomba usiruke mstari.

Houda

Liège, 14 Julai 1998

Mjomba wangu,

Salamu kwenu wote. Karibu miezi mitatu sijapata neno. Hata la kunigombeza nitalipokea. Nasikia redioni mambo ya huko, na redio hawajui jina lako.

Houda

Buyenzi, 30 Agosti 1998

Mpwa wangu,

Tu wazima. Mama Assia anatembea vizuri. Barua zako zote mbili zimefika.

Ile ya mwezi wa nne ilisomwa hapa uani. Léoncie alifika kwenye Mjerumani akaanza kuikunja karatasi. Nikamwambia aendelee. Akaendelea mpaka mwisho, hakuruka kitu. Kesho yake niliingia garajini, nikaing'oa picha, nikamuuliza Hamimu: huyu ana nywele gani? Akasema: «Muzee, mi niliogopa utasikia mubaya.» Gaspard akasema alidhani huko Ulaya wanasuka hivyo. Hata Léoncie aliiona siku ya kwanza, kasema alidhani umepitia shida. Miezi kadhaa namwonyesha kila mteja sura ya mzungu wa kiume, nasema ndiye binti niliyemlea, nao wanasema mashallah. Sikuwasemesha wiki mbili. Ya tatu nilicheka, na ubaya wake ni kwamba nilicheka peke yangu huku wao wakiwa bado wanaogopa.

Unauliza tangu lini. Ulianza ukungu mwaka ule wa Kamenge, mwaka wa pili ukawa mzito, na sasa najua tu kama ni mchana.

Hospitali siendi. Usinitumie Térence wala mzungu yeyote. Hospitali iko Kamenge. Mimi ile Kamenge ninayo yote kichwani. Najua garaji yetu ina milango miwili ya buluu, na ule wa kushoto hukwama. Najua Sylvère anapoweka spana, na kwamba akimaliza kazi huacha fulana yake juu ya usukani wa mteja. Léoncie ananiambia garaji ipo, basi ipo. Nikienda nikamkuta Sylvère, vizuri sana, lakini kama angekuwepo angekwishakuja kunisalimia. Kwa hiyo siendi.

Huseni

Nimeandika yote jinsi alivyosema. Léoncie

Liège, 25 Septemba 1998

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nimefaulu mitihani, nakuambia harakaharaka ili nipite.

Nimekukasirikia. Wewe uliyenifundisha kwamba gari bovu halitengenezwi kwa kufunga boneti, umeifunga yako na kuikalia. Ukimtumia Mskoti vile, unamwonea. Hakusema tuamini tunachokitaka. Alisema tupime imani kwa ushahidi tulio nao.

Kumbuka nta, ile iliyokukaa chini ya Toyota. Ilipoteza harufu, umbo na rangi, bado ikawa ileile. Hata ukikuta Kamenge imeyeyuka yote, ni Kamenge yako. Miaka ishirini uliyofanya kazi na Sylvère haimo kwenye milango.

Na kuna la mwisho, ambalo si la filozofia. Léoncie hajafanya kuganduka, kumaliza matanga, mpaka leo. Miaka mitatu hajaondoa msiba wa mumewe, kwa sababu anakaa kwako, na kwako kila asubuhi Sylvère hajarudi. Dada, nisamehe kwa kukusomesha haya mbele yake.

Nimetia picha. Nimeikagua mara tatu. Ni mimi. Nataka uione mwenyewe, kwa sababu nimekukumbuka sana na sina mtu mwingine wa kunitazama.

Houda

Buyenzi, 6 Desemba 1998

Mpwa wangu Houda,

Umeutambua mwandiko? Léoncie amekataa kuniandikia. Kasema: «Muzee, sasa we uko na macho, andika mwenyewe.» Usiposoma vizuri, hakuna tena Sylvère wa kukisia.

Léoncie aliponisomea ile ya kuganduka niliomba wanipeleke, wakanipasua jicho la kulia tarehe kumi na saba Novemba. Kesho yake walifungua bandeji. Mbele yangu walisimama wanawake watatu, mmoja ni Mama Assia, huyo nilimjua, amezeeka na sikumwambia. Wawili wengine sikuwajua, nikangoja mmoja aseme. Léoncie alikuwa wa kushoto, yule mwingine muuguzi. Zamani alikuwa mnene, akicheka nyumba nzima inasikia. Miaka miwili nimesikia sauti yake tu, nikaendelea kumvisha mwili ule wa zamani. Sasa amebaki mifupa na kitambaa cheusi.

Picha yako nimeitazama. Umekonda, na koti ni la kijani.

Tulipotoka hospitalini niliwaambia tupitie garaji yetu na Sylvère. Mama Assia alisema jua kali. Léoncie alitangulia tu. Tukatembea, akasimama mahali pa majani na ukuta mmoja uliofika kiunoni. Nikamuuliza mbona tumesimama. Akasema: «Ni hapa.» Nilitafuta buluu, hata kibanzi. Nikainama nikashika ardhi, maana macho yangu sikuyaamini, nikasikia kwa vidole ile sakafu yetu ya saruji ilivyopasuka, na shimo letu la kumwagia oili. Hapo ndipo nilijua.

Nikamuuliza kwa nini aliniambia ipo. Mara mia nilimuuliza, mara mia akaniambia: «Iko, muzee, iko pale pale.» Akasema: «Mi nilitaka mutu mumoja tu kwenye hii dunia, kwake Sylvère abaki bado kazini.»

Houda, hao wazungu wako wote hawana jibu la hapo. Nililia pale barabarani mbele za watu, mzee mzima, jicho moja linaona na jingine bado gizani. Léoncie hakulia. Nadhani alikwisha kulia peke yake katika chumba cha nyuma, wakati mimi nikimsimulia mumewe anapoweka spana.

Kuganduka ni Jumamosi ijayo, hapa uani kwetu. Nimekwenda mwenyewe kuwaalika watu, kwa miguu. Hamimu analeta viti, dada yake Léoncie anatoka Mutakura na ndugu wa Sylvère wanashuka kutoka mlimani. Wamekubaliana kwamba asimame kusema mtu aliyemjua marehemu kuliko wengine, amtaje, aseme kwamba hayupo, ili mjane avue nguo nyeusi. Wamenichagua mimi. Tunaanza saa nane. Tangu asubuhi najaribu kulisema neno hilo mara moja kwa sauti hapa garajini, nione kama litatoka, na bado halijatoka.

Mjomba wako,
Huseni